Kapita na Fimbo ya Maji

Katika kambi ya wakimbizi ya Lushebere dada yangu anaishi safu ya nne, na Kapita anaishi safu ya sita. Kila asubuhi dada alipita mbele ya hema lake akienda kuchota maji, bila kumsalimia. Kwetu mtu humsalimia hata adui. Akishamaliza kumsalimia ndipo anaendelea kumchukia. Dada alipita kama anavyopita mbele ya jiwe. Ilikuwa hivyo miaka kumi na miwili, tangu mume wake achukuliwe na maji, na watu wote wa vilima vyetu wanajua kwamba kosa lilikuwa la Kapita. Wanajua kwa sababu Kapita mwenyewe alisema. Kwa muda mrefu nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua kwamba kosa halikuwa lake.

Kapita si jina, ni kazi. Ni yule anayetangulia wabebaji, anayejua njia, anayesema hapa tunapumzika na hapa hatupumziki. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, kanisani, na watu wengi waligeuka kutafuta ni nani anayeitwa hivyo.

Tulikuwa watu wa miguu. Tulitoka vilima vya Masisi na chumvi, sabuni na maharagwe, tukaingia porini, tukatokea upande wa Walikale siku ya tatu, na kurudi na mafuta ya mawese ndani ya bidoni za plastiki. Mzigo ulikaa mgongoni na kamba yake, mugozi, ilipita kwenye paji la uso. Mtu anayebeba kwa mugozi haoni mbingu. Anaona visigino vya mwenzake. Mbele ya visigino vyote kulikuwa na visigino vya Kapita, vilivyopasukapasuka, na nadhani mpaka leo ningevitambua kati ya mia moja. Uso wake ilinichukua muda zaidi kuujua.

Jioni ya siku ya kwanza tulifika kwenye kijito. Sijui kama kiko kwenye ramani. Sisi tulisema "Kwa Maji", basi, na kila mtu alielewa. Maji yalikuwa na rangi ya chai, kwa sababu ya majani yanayooza huko juu, na yalishuka kati ya mawe yaliyoota nywele za kijani. Ng'ambo kulikuwa na mteremko wa mianzi. Upande wetu kulikuwa na sehemu tambarare, ndogo kama uwanja wa kanisa la kijijini, na jiwe moja kubwa lililoinama kama paa. Chini ya jiwe hilo kulikuwa na kuni kavu. Katika pori lile, ambamo hata mawe yanatoa jasho, kuni kavu ni kitu ambacho mtu angeweza kukipigia magoti.

Kuni zile zilikuwa sheria ya kwanza ya Kapita. Kundi linaloondoka linaacha kuni kwa kundi linalokuja, nyingi kama lilizokuta. Wakati mmoja tulikuwa tumeshavuka na kupanda karibu nusu saa alipokumbuka. Akasimama, na sisi wote tukasimama nyuma yake, mugozi zikitukata mapaji ya uso.

"Nani aliacha kuni?"

Kati yetu alikuwamo mwanamke mmoja tuliyemwita Mama wa Chumvi. Alitoka upande wa Butembo, alikuwa na duka pale Masisi-centre, na alitembea pamoja na chumvi yake mwenyewe kwa sababu hakuamini mtu, na sisi hasa hakutuamini. Rozari yake ilining'inia shingoni pamoja na ufunguo wa duka.

"Papa Kapita," akasema, "kule nyuma hatuko na ndugu. Kuni ya nani?"

"Ya ule mwenye anakuya."

"Unamujua?"

"Simujui. Njo maana nataka akute kuni. Kama ningemujua, angekuya kuniomba."

Tukatua mizigo. Wanaume wanne tulirudi pamoja naye, tukapasua mti uliokufa umesimama, kwa sababu mti uliokufa ukiwa umelala una maji tumboni, tukapanga kuni chini ya jiwe na kupanda tena. Mama wa Chumvi alikuwa amekaa juu ya gunia lake akisali. Alipotuona alikatisha sala.

"Iko siku utatukataza hata kupumua."

"Mupumue tu, Mama. Lakini pole pole, mulima ungali mbele."

Sheria ya pili ilihusu kulala. Tulikata majani ya porini na kuyatandika, tukafunga turubai juu yake kwa kamba za magome, na kila mtu alilala kichwa upande wa mlima, miguu upande wa maji. "Maji ikikuya, ikuamushe kwa miguu," alisema. "Isikuamushe kwa kichwa." Nimelala katika miji mingi tangu wakati ule, kwenye magodoro ya watu, kwenye mbao za lori, nyuma ya maghala, na bado kabla ya kulala ninatafuta maji yako upande gani. Kisangani nililala miguu upande wa mto, ingawa mto wenyewe ulikuwa mtaa wa mbali. Mwenye nyumba aliuliza kama ni mambo ya dini.

Kuna msafiri mmoja, mtu wa ofisi, aliyetembea nasi mara moja na hema la kununua, la buluu, lenye mlango wa zipu. Alilisimamisha pale chini kabisa, penye mchanga laini kando ya maji. Kwa macho, palikuwa pazuri kuliko pote. Kapita alimwambia mara moja apande juu kidogo. Yule akasema kwamba hema lake haliingizi maji, limeandikwa hivyo. Kapita hakusema tena. Alfajiri kijito kilipanda kidogo tu, kiasi cha kiganja. Tulimkuta Kapita amechuchumaa mbele ya lile hema, amevaa blanketi, anaongea na zipu kwa heshima.

"Shefu. Nyumba yako iko na mulango. Fungua utoke, maji imeshaingia bila kupiga hodi."

Tulicheka mpaka Mama wa Chumvi akashika ubavu. Yule mtu wa ofisi naye alicheka, baadaye, alipokauka. Nilimuuliza Kapita kwa nini hakumlazimisha jioni. Akasema muntu akilowa suruali anajifunza zaidi kuliko akiambiwa. "Kama ingekuwa maji ya kumubeba, ningemuvuta na miguu."

Ningeweza kumwandika kama mtu wa busara tu na kumaliza. Lakini Kapita aliogopa maji. Mtu aliyeishi kwa kusoma kijito hakuwahi kuingia ndani ya kijito zaidi ya magoti. Hakujua kuogelea na hakutaka kujua. Sisi tulioga chini ya mawe, tukipiga kelele kwa baridi. Yeye alichota sufuria moja, akaenda nyuma ya mti, akajipangusa kama mgonjwa. Aligawa moto wake kwa kila mtu, aligawa tumbaku, aligawa hata samaki wake wakavu, lakini blanketi lake hakumpa mtu yeyote, hata siku Mama wa Chumvi alipotetemeka kwa homa. Alikaa karibu naye akichochea moto mpaka kukakucha, amejifunika blanketi lile lile. "Moto ni yetu," alisema. "Blanketi ni ya bibi yangu alinipa." Mke wake huyo alikuwa amekufa zamani. Sisi tulikuwa tumeshampa Mama makoti yetu.

Tena alikuwa mwongo kuhusu umbali. Ukimuuliza bado mbali gani, alijibu, "Iko karibu." Asubuhi ilikuwa karibu, mchana ilikuwa karibu, na magoti yalipoanza kuongea peke yake ilikuwa bado karibu. Kuhusu maji hakusema kamwe neno lisilo kweli. Kuhusu njia hakusema hata moja la kweli. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa akimwigiza kwa sauti ya pua: tukiwa nyumbani Karuba, mtu akiuliza kama bugali, ugali wa kwetu, iko tayari kuliwa, yeye anajibu kwa niaba ya sufuria, "Iko karibu," na watoto wanaanguka kwa kicheko.

Shemeji alikuwa mrefu kuliko sisi wote. Kwa hiyo yeye ndiye aliyevuka kwanza kila mara, kisha akasimama ng'ambo akinyoosha mkono. Alikuwa mtu wa kawaida. Alipenda bugali ya moto na hakupenda kuamka.

Sasa fimbo.

Pale Kwa Maji huwezi kusikia mvua ya mlimani. Inaweza kunyesha huko juu tangu jioni na wewe ukalala pakavu. Maji hayabadiliki rangi, kwa kuwa siku zote ni ya chai. Ukiyatazama alfajiri, katikati ya ukungu, yanaonekana yale yale ya jana. Kwa hiyo kila jioni Kapita alikata fimbo, akaimenya gome mpaka ikawa nyeupe, akaichomeka kwenye ukingo wa maji, na kwa kisu akakata alama pale maji yalipogusa. Asubuhi, kabla mtu hajavuka, alichuchumaa akaangalia. Alama ikiwa inagusa maji, tulivuka na mizigo mgongoni, mugozi kichwani. Alama ikiwa imezama kidole kimoja, tulifungua mizigo na kuivusha mmoja mmoja kwa kamba. Ikizama vidole viwili, tulikaa. Niliwahi kukaa pale siku mbili nzima kwa sababu ya vidole viwili, tukila maharagwe ya biashara ya watu.

"Lakini Papa, kwa macho maji iko sawa," shemeji alimwambia siku hizo.

"Macho iko na haraka ya kufika kwake," Kapita alisema. "Fimbo haiko na kwake."

Asubuhi ya siku ya msiba ilikuwa zamu yangu ya kupika. Mwiko niliusahau nyumbani. Nilikuwa nimeshatia unga kwenye maji ya moto na bugali ilianza kushika, na unajua bugali haisubiri. Nikatazama huku na huku. Kuni zote zilikuwa na gome na wadudu. Kitu kimoja tu kilikuwa cheupe na safi, kimemenywa vizuri, kimelala majini tangu jana. Nikaenda nikaing'oa fimbo, nikasonga bugali, nikaisuuza, nikarudi kuichomeka.

Shimo lake sikuliona. Lilikuwa chini ya maji. Nilidhani nimekosea mahali, nikaichomeka pembeni kidogo, nikaishusha taratibu mpaka alama ikagusa maji. Ndivyo nilivyozoea kuiona: alama ikigusa maji. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilikuwa na haraka, bugali ilikuwa inapoa.

Tukala. Shemeji alikula sana. Kapita akaenda kwenye ukingo, akachuchumaa, akaangalia fimbo, akasimama akipiga magoti yake kwa viganja.

"Maji iko sawa. Tuende."

Shemeji akaingia na gunia la chumvi mgongoni na mugozi kichwani. Katikati, maji ambayo yangemfika mapajani yalimfika kiunoni. Aligeuka kututazama. Nadhani alitaka kusema kitu kuhusu fimbo, pengine mzaha. Mguu ukateleza. Mtu mwenye mugozi kichwani akianguka majini, mzigo ndio unaoamua. Kapita, aliyeogopa maji, aliingia mpaka kifuani, na Mama wa Chumvi alimshika blanketi asiende, na blanketi likapasuka katikati. Tulimpata shemeji chini, baada ya mawe, jua likiwa limepanda.

Tulimbeba kwenye machela ya miti kurudi Karuba. Nilikuwa upande wa miguu. Mtu mbele yangu alikuwa Kapita, kwa hiyo njia nzima niliangalia visigino vyake. Sikulia. Watu walisema nina moyo mgumu, na dada aliwajibu kwamba kila mtu ana namna yake.

Baada ya mazishi wazee walikaa kikao. Baba mdogo wa marehemu aliuliza kama maji yalipanda ghafla.

"Hapana," Kapita akasema. Alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Maji ilikuwa imeshapanda. Fimbo ilikuwa pale. Nimesoma vibaya."

"Umesoma vibaya, ao kuko muntu aligusa?"

Nilikuwa nimekaa kando ya dada. Nilikuwa nimempakata binti yake mdogo, aliyelala. Nilifungua mdomo, na mtoto akasogea, nikaufunga.

"Fimbo ya maji haigusiwe na muntu mwingine," Kapita akasema. "Nimesoma vibaya."

Dada hakupiga kelele. Alisema tu, "Kuanzia leo, Papa Kapita, usinisalimie. Na miye sitakusalimia."

"Sawa, mwanangu."

Ikawa hivyo. Hakuna aliyemfuata tena porini. Wabebaji walichukua kapita mwingine, na yeye akaenda kulima mihogo kwenye kilima cha jirani. Nilimwona mara mbili tatu akipalilia, mgongo umepinda kama bado una mzigo. Sikumkaribia. Kabla mwezi haujaisha niliondoka. Nilifika Butembo, nikapakia malori. Nikafika Kisangani, nikafika Bukavu, nikarudi Goma. Niliuza vocha za simu, nilisaidia mafundi ujenzi, niliandika majina ya magunia kwenye daftari la ghala, kwa sababu nilimaliza sekondari na mwandiko wangu unasomeka. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoanza kuzoea, kisha nikaondoka. Nilimpigia dada simu kila Pasaka na kila Noeli. Alikuwa akisema wako wazima. Baadaye alisema wamekimbia Karuba. Kisha kwamba wamefika Lushebere, wamepewa turubai.

Msimu wa mvua uliopita nilifika Lushebere kwa pikipiki, na sabuni na sukari kwenye mfuko. Binti niliyempakata siku ile alikuwa mrefu kama baba yake. Dada alinipikia. Tuliongea kuhusu bei ya maharagwe. Asubuhi niliona anachukua bidoni, anashuka kwenye njia, anapita mbele ya hema moja la safu ya sita, shingo imenyooka. Nikajua hema ni la nani kabla sijauliza.

Nilikwenda alasiri. Kapita alikuwa amekaa nje juu ya jiwe, miguu upande wa mfereji unaopita kati ya mahema. Alikuwa amejifunika nusu ya blanketi. Kwenye mfereji alikuwa amechomeka fimbo nyeupe, yenye alama. Mwanamke wa hema la jirani, anayeanika nguo, alikuwa anamtania.

"Papa Kapita, leo mufereji unasema nini?"

"Unasema anika, lakini usiende mbali."

"Jana ulisema vile, na nguo yangu ikalowa."

"Ile ni mvua. Miye sijui mvua. Ninajua maji yenye imeshafika chini."

Aliniona, akasogea, akanipa nafasi kwenye jiwe. Tulikaa. Visigino vyake vilikuwa vile vile.

"Umeota mvi," akasema.

"Ni miaka, Papa."

"Uko wapi siku hizi?"

"Goma. Nilitoka Bukavu. Mbele ya pale Kisangani."

"Unatembea sana, kwa muntu hana muzigo."

Yule mwanamke alimaliza nguo zake akaingia ndani. Nilitazama fimbo. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, tangu Sake, na sasa hayakuwepo.

"Papa," nikasema. "Ile fimbo ya siku ile."

"Fufu," akasema.

"Nini?"

"Mu alama mulikuwa fufu, ile bugali yako. Kidogo tu, ilikauka. Wakati munamutafuta kule chini, miye nilirudi kungoa fimbo, nikaona. Nikaitia mu moto."

Aliongea kama mtu anayeeleza bei. Mimi nami nilisikiliza hivyo hivyo. Nilingoja kitu kinijie, hasira au aibu, na hakikuja. Niliona tu kwamba mikono yangu iko juu ya magoti.

"Juu ya nini haukusema?"

"Niseme nini? Mwanamuke amefiwa na bwana. Nimunyanganye na kaka siku ile ile?" Alikuna goti. "Nikasema, heri amuchukie kapita. Kapita ni muntu wa njia. Kaka ni muntu wa nyumba. Nikamuachia kaka."

Kisha, bila kubadilisha sauti, akasema, "Halafu kaka akaenda."

Mfereji ulikuwa unapitisha maji membamba yenye povu la sabuni. Tuliyatazama sote wawili.

"Na usibebe yote peke yako," akaendelea. "Kapita anaangalia fimbo, na anaangalia shimo. Fimbo ilikuwa imesimama mu shimo mupya. Nilikuwa na usingizi, nikaangalia fimbo tu. Ile niliambia bazee ilikuwa kweli. Nilisoma vibaya."

"Unataka nimwambie?"

Aliinama, akaondoa jani lililonasa kwenye fimbo.

"Zamani nilikuwa sitaki. Sasa niko muzee. Asubui ninamusikia kwa ndala zake, anakuya. Ninasema mu roho, leo atanisalimia. Ndala zinapita." Alishika blanketi. "Muntu anachoka, kijana."

Nina miaka arobaini na minne. Ni yeye tu anayeniita kijana.

"Atanisamehe?" nikauliza.

Alitazama juu, kwenye safu za mahema zinazopanda kilima, nyeupe na kijivu, mpaka zinapokwisha.

"Iko karibu," akasema.

Dada alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilikaa mbele yake nikamweleza: mwiko niliousahau, bugali, fimbo, shimo ambalo sikuliona. Nilieleza kwa mpangilio, kama nilivyoandika hapa. Vidole vyake viliendelea. Jiwe upande huu, haragwe upande ule.

"Ile bugali," akasema nilipomaliza. "Aliikula?"

"Aliikula."

"Alishiba?"

"Alishiba."

Akatoa jiwe, akalitupa nje ya mlango.

"Kapita alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

Alimaliza kuchambua, akaosha maharagwe, akayaweka motoni, na yalipoiva binti yake aliniletea sahani.

Mvua ilinyesha mpaka karibu na alfajiri. Kulipopambazuka nilishuka mapema safu ya sita. Kapita alikuwa tayari nje, amejifunika, na mimi nikakaa kwenye ukingo wa njia, hatua tatu kutoka kwake, miguu nimeinyoosha. Nilisikia ndala kabla ya kumwona. Zilishuka, zikakaribia, na mbele ya hema zikasimama.

"Jambo, Papa Kapita."

Mzee aliweka viganja vyote viwili juu ya magoti.

"Jambo, mwanangu."

"Maji imepanda?"

Aliinama. Aliangalia fimbo, kisha akaingiza kidole kwenye matope, akapapasa shimo lake, akapapasa tena.

"Imepanda kidole moja. Chini kunateleza. Pita juu."

Njia ya juu ni nyembamba, na miguu yangu ilikuwa imeifunga. Dada alikuja akasimama. Aliiangalia miguu, hakuangalia mwenye miguu. Nikaikunja. Akapita na bidoni yake, na ndala zikasikika mpaka kwenye kona ya bomba, halafu hazikusikika.